Aya Ambayo Luther Hakuitia

Somo: 1 Yohana 5:6–8, Yohana 7:53–8:11

Tukiweka mezani Biblia mbili za tafsiri mbalimbali na kufungua 1 Yohana 5:7, huenda tukashangaa. Katika moja twaona habari za mashahidi watatu wa mbinguni, Baba na Neno na Roho. Katika nyingine maneno hayo hayamo. Mkristo akiuliza, "Ni nani aliyeyaondoa?" mwalimu atamjibu nini? Wako wanyamazao, wako na wamkemeao aulizaye. Sisi twaona njia zote mbili hazifai.

Kabla ya kupiga chapa kujulikana, kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono. Macho ya mwandishi yaliweza kuruka mstari; au neno lililoandikwa pembeni na msomaji likaingizwa kati ya maneno ya Mtume. Nakala za Agano Jipya za Kiyunani zilizosalia zapita 5,000, nazo hazilingani kwa kila neno.

Maneno ya mashahidi wa mbinguni yalisomwa katika Kilatini, lakini hayaonekani katika nakala za kale za Kiyunani. Kwa hiyo Erasmus hakuyatia katika chapa yake ya 1516, wala ya 1519. Akashutumiwa, na alipoonyeshwa nakala moja ya Kiyunani iliyo nayo, akayatia mwaka 1522. Bali Dr. Martin Luther alipotafsiri kule Wartburg aliifuata chapa ya 1519, na Agano lake lilipotoka Septemba 1522 halikuwa na maneno hayo. Hakuyatia hata alipokufa mwaka 1546. Wapiga chapa ndio walioyatia baadaye. Je, hakuuamini Utatu? Aliuamini na kuufundisha siku zote. Imani ile haikutundikwa juu ya aya moja.

Kwa muda mrefu mambo haya yalijulikana zaidi na wenye elimu. Mwaka 2005 Bart Ehrman, mwalimu wa Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill, Marekani, aliwaeleza watu wasiojua Kiyunani kwa kitabu kiitwacho *Misquoting Jesus*, nacho kiliuzwa sana. Alisema tofauti za nakala ni nyingi kuliko maneno yote ya Agano Jipya. Alisema tena, na hili wamnukuuo kwa haraka hulisahau, kwamba nyingi sana ni makosa madogo ya kuandika, yasiyogeuza maana. Lakini nyingine si ndogo. Habari za mwanamke aliyefumaniwa hazimo katika nakala za kale zilizo bora. Na Injili ya Marko, katika nakala mbili mashuhuri za kale, yaishia 16:8.

Wengi walifadhaika, zaidi kwa kuwa Ehrman, Mkristo mwenye bidii katika ujana wake, alikuwa ameiacha imani. Lakini yeye mwenyewe ameeleza kwamba kilichomwondoa ni mateso ya wanadamu, wala si nakala. Na mwalimu wake, Bruce Metzger wa Princeton, aliyezichungua nakala hizo maisha yake yote, alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri, akafa katika imani mwaka 2007. Mwaka ule ule wa 2005 wawili hao walitoa pamoja chapa ya nne ya kitabu cha Metzger juu ya nakala hizo. Waliyoyasoma ni yale yale.

Basi twasema wazi, kosa ni letu sisi tuliojua tukanyamaza. Mtu akilisikia kwanza kwa mgeni jambo ambalo mwalimu wake alilijua, hafikirii tena nakala. Afikiri kwamba alifichwa. Imani ya namna hiyo hutikisika upesi, na si Ehrman aliyeitikisa.

Mwezi huu walimu na wasome Yohana 8 pamoja na usharika, wakieleza bila hofu alama au maelezo yaliyowekwa hapo katika Biblia zilizo nayo. Akitokea mtu kuuliza kama habari ile ya mwanamke isomwe tena kanisani, na ajibiwe kwamba wenye elimu wengi, Metzger akiwa mmoja wao, waliiona kuwa habari ya kale sana, iliyosimuliwa kwa vinywa kabla ya kutiwa katika Injili ya Yohana. Nasi twaisoma.