Mwendo wa Kuzunguka

Bila shaka umekwisha kuona wanafunzi wa gwaride wakigeuka wote katika mstari mmoja. Aliye upande wa ndani hupiga hatua fupi fupi, karibu anakanyaga pale pale. Aliye upande wa nje hupiga hatua ndefu, na akizembea kidogo tu mstari hupinda. Kwa nini wawili hawa wasitembee sawa?

Jaribio

Nendeni uwanjani na kamba ya meta 4. Mwanafunzi mmoja ashike ncha ya kamba na kusimama mahali pamoja. Huyo ndiye kitovu. Wanafunzi wanne waishike kamba hiyo, wakiachana meta 1 kila mmoja, hata wa mwisho awe mwishoni kabisa. Chora mstari ardhini chini ya kamba. Sasa wazunguke polepole bila kuilegeza kamba, kila mmoja akihesabu hatua zake. Wasimame kamba inapofanya pembe mraba na mstari mliouchora.

Kiasi cha kugeuka hupimwa kwa nyuzi. Mzunguko mmoja kamili una nyuzi 360. Nusu yake ni nyuzi 180, na robo yake ni nyuzi 90. Wanafunzi wote wanne wamegeuka nyuzi 90, wala hakuna aliyemzidi mwenziwe. Lakini hatua zao je? Aliye meta 1 kutoka kitovu ametembea kama meta 1.6. Aliye meta 4 ametembea kama meta 6.3, yaani mara nne. Muda waliotumia ni ule ule. Basi kasi ya yule wa mwisho ilikuwa mara nne ya kasi ya yule wa kwanza. (Ndiyo maana yeye anahema na mwenziwe ametulia.)

Tazama pia saa ya ukutani. Mshale wa dakika huzunguka nyuzi 360 kwa dakika 60, yaani nyuzi 6 kila dakika. Saa ndogo ya mkononi nayo ni hivyo hivyo, ingawa ncha ya mshale wake husafiri mwendo mfupi zaidi.

Maswali

1. Mwanafunzi aliye meta 2 kutoka kitovu alitembea kama meta ngapi?
2. Kutoka saa mbili hadi saa tano, mshale wa saa hugeuka nyuzi ngapi?
3. Pindua baiskeli, magurudumu yawe juu. Funga uzi mmoja kwenye spoki karibu na kitovu, na mwingine karibu na ukingo. Zungusha gurudumu, lakini usitie kidole. Uzi upi una kasi zaidi? Eleza sababu.