Dondoo Muhimu: Kuchagua na Kuonja Divai ya Ufaransa kwa Bei Nafuu

Yeyote atakaye divai njema ya Ufaransa pasipo kujitia katika gharama kubwa, na azingatie haya:

• Usivutwe na umaarufu wa maeneo ya Bordeaux na Bourgogne peke yake. Kwani Languedoc, Côtes du Rhône na Muscadet, ambazo majina yao hayakupata fahari kama hiyo, hutoa divai za kuridhisha kwa bei ya wastani.

• Soma kibandiko kwa makini. Maneno Appellation d'Origine Contrôlée, yaliyopata nguvu ya sheria mwaka 1935, hushuhudia asili ya zabibu na kanuni za utengenezaji, wala si dhamana ya ladha.

• Atamaniye povu la Champagne na atafute divai ya povu iitwayo Crémant, ya Loire au ya Alsace, ambayo nayo huchachuka mara ya pili ndani ya chupa, ila aghalabu huuzwa rahisi zaidi.

• Divai nyeupe ipoze hadi nyuzi 10 hivi za Selsiasi, na nyekundu nyuzi 16.

• Jaza bilauri theluthi moja tu. Tazama rangi ya divai, izungushe, inuse, kisha shika funda dogo kinywani ukipima uchachu, utamu na ukakasi. Ikinuka kama kadibodi iliyolowa, kizibo kimeiharibu, irudishe dukani.

Hatimaye, uamini ulimi wako kuliko bei: divai iliyo bora kwako ni ile ambayo, baada ya funda la kwanza, nafsi yako yatamani la pili.