Dondoo muhimu: Alama ya DAX kwenye faili za Linux
Tangu Linux 5.8 ya mwaka 2020, faili mojamoja kwenye ext4 au XFS inaweza kuwekewa alama ya DAX, ili isomwe moja kwa moja kutoka kumbukumbu ya kudumu bila kupitia kashe ya kerneli.

Mwandishi wa mwongozo asichanganye mambo mawili. FS_XFLAG_DAX ni ombi tu, linalohifadhiwa pamoja na faili. STATX_ATTR_DAX, inayosomwa kwa statx, ndiyo hali halisi. Wengi hukwama hapo: mtu anaweka alama kwa xfs_io, anakagua, haoni badiliko, kumbe kuna programu ambayo bado imeifungua faili ileile.

Faili mpya hurithi alama ya folda yake. Za zamani hubaki zilivyo. Na chaguo la dax=never, linalowekwa wakati wa kupachika (mount) mfumo wa faili, huipuuza alama kabisa.