Kumtambua na Kumfananisha: Ushahidi wa Usiku na Hatari ya Kumnyonga Asiye na Hatia

Sheria ya Kenya inaruhusu Kiingereza na Kiswahili katika mahakama za chini, ilhali lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza. Shahidi kutoka Mtongwe, Mishomoroni au Chaani husimama mbele ya hakimu akaeleza kwa Kiswahili yaliyompata usiku wa kuvamiwa. Hakimu aghalabu huyaandika kwa Kiingereza. Makala haya yanachunguza neno moja linalovuka kati ya lugha hizo mbili, nalo ni "kutambua", pale ambapo adhabu inayomngojea mshtakiwa ni kitanzi.

Miongoni mwa makosa yanayoadhibiwa kwa kifo nchini Kenya ni uhaini, mauaji ya kukusudia na wizi wa mabavu. Hili la mwisho halihitaji mtu afe. Yatosha mwizi awe na silaha ya hatari, au awe na mwenziwe, au amjeruhi aliyeibiwa. Panga moja na simu moja, gizani, vyaweza kumfikisha mtu kwenye hukumu ya kifo. Aghalabu hakuna ubishi kwamba wizi ulitendeka. Swali huwa ni nani aliyeutenda.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Sheria hutofautisha mambo mawili: kumjua mvamizi kwa kuwa ni mtu unayemfahamu tangu zamani, na kumchagua mgeni uliyemwona mara ya kwanza usiku huo. Katika kesi ya Anjononi (1980), mahakama iliona kwamba la kwanza ni la kuaminika zaidi. Kiswahili, kwa upande wake, huyabeba yote mawili kwa kitenzi kimoja. "Nilimtambua" husemwa juu ya jirani wa kila siku barazani, na pia juu ya mgeni aliyeonyeshwa baadaye katika gwaride la utambulisho. Isitoshe, wenyeji wa pwani wana kitenzi kingine, "kufananisha". Asemaye "nilimfananisha na fulani" anakiri kwamba macho yake huenda yalimdanganya. Mkalimani mwenye haraka akilitia neno hilo katika kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kumjua mtu kwa yakini, shaka iliyokuwamo hutoweka, nayo shaka ndiyo iliyopaswa kumwokoa mshtakiwa.

Si kwamba majaji hawakuiona hatari. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitahadharisha juu ya shahidi wa pekee katika kesi ya Abdalla bin Wendo (1953), ikakariri onyo lilo hilo katika kesi ya Roria (1967). Kesi ya Maitanyi (1986) iliongeza kwamba sharti mwanga wenyewe uchunguzwe: ulikuwa wa nini, mkali kiasi gani, nao ulikuwa wapi kwa mshukiwa. Jibu la "kulikuwa na mwangaza" halitoshi, kwa maana koroboi ina mwangaza, na mbalamwezi pia. Jambo jingine la kuuliza ni kama shahidi alimtaja mvamizi, au alieleza sura yake, kwa watu wa kwanza waliomkimbilia.

Huenda ikasemwa kwamba hofu hii imepitwa na wakati, kwani Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Hoja hiyo ni dhaifu. Kutonyonga huko ni desturi tu, na desturi si sheria. Uingereza ilimnyonga Timothy Evans mwaka 1950, ikamsamehe mwaka 1966, alipokuwa kaburini miaka 16. Nchini Kenya, Rais Kibaki aligeuza hukumu za watu zaidi ya 4,000 kuwa vifungo vya maisha mwaka 2009. Rais Kenyatta akafanya vivyo hivyo kwa watu 2,747 mwaka 2016. Rais Ruto naye mwaka 2023, kwa waliohukumiwa kabla ya 21 Novemba 2022. Huruma hiyo huokoa shingo, lakini haiulizi kama aliyehukumiwa ndiye.

Mombasa ina nafasi yake katika historia hii. Tarehe 30 Julai 2010, Mahakama ya Rufani ikiketi Mombasa iliamua, katika kesi ya Mutiso, kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo ilijitenga na msimamo huo katika kesi ya Mwaura. Mahakama ya Juu iliurejesha tarehe 14 Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu, kisha mwaka 2021 ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji peke yake. Wizi wa mabavu ukaachwa nje, ingawa ndilo kosa ambalo ushahidi wa usiku hutegemewa mno, na ambalo husikizwa na hakimu, mara nyingi mshtakiwa akiwa hana wakili.

Ibara ya 50(6) ya Katiba ya 2010 humruhusu aliyekwisha kukata rufani zake zote aombe kesi ianze upya, mradi apate ushahidi mpya na wenye nguvu. Mfungwa wa Shimo la Tewa, huko Shanzu, anaweza kukumbuka wazi kwamba shahidi alisema "nilimfananisha". Lakini neno hilo halimo katika kumbukumbu za mahakama. Kilichomo ni tafsiri yake.