Foklifti imenivunja mguu, naona aibu kudai

Mdogo wangu wa Kigamboni, pole sana. Unasema ulikuwa saidia fundi, umeinama unapanga matofali, foklifti ikakata kona na mkia wake ukakubana mguu ukutani. Msimamizi akakupa laki moja ya hospitali, akakwambia umshukuru Mungu. Leo mwezi wa nne uko nyumbani, mkeo anauza maandazi, nawe unaona aibu kudai kwa kuwa huna mkataba na eti kosa ni lako, "nilikaa vibaya".

Tuanze na hilo kosa. Umeinama na tofali mkononi. Ulitaka umwone dereva kwa kisogo? Foklifti hukata kona kwa magurudumu ya nyuma. Uma ukielekea kushoto, mkia unafagia kulia, tena ghafla. Ndiyo maana njia yake hutengwa na watu, na kuitenga ni kazi ya mwenye saiti, si ya kibarua. Isitoshe, sheria ya fidia haikutaki uthibitishe uzembe wa tajiri. Inachouliza kwanza ni kama uliumia ukiwa kazini.

Kuhusu mkataba, hapo umejinyima bure. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 inamtambua hata aliyeajiriwa kwa mdomo, na kibarua pia. Mfuko wake, WCF, unachangiwa na waajiri; mfanyakazi hakatwi hata senti. Mfuko huo hulipia matibabu, kipato ulichokosa ukiuguza jeraha, na ulemavu ukibaki. Kwa hiyo humwombi mtu hisani.

Najua unachoogopa zaidi: ukidai, hutaitwa tena saiti. Inawezekana, sikufichi. Lakini kwa mguu huo, wangekuita ubebe nini? Na mkeo usimfiche hofu hiyo. Anayeamka alfajiri kukanda unga ili watoto wale ana haki ya kuamua pamoja nawe.

Kusanya karatasi za hospitali na picha ya eksirei. Usifute meseji za simu za posho uliyokuwa ukilipwa kila Jumamosi. Zinaonyesha nani alikuwa akikulipa. Waombe wenzako wawili watatu waliokutoa pale ukutani wakubali kutoa maelezo. Madai yanapaswa kufika WCF ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali, na karibu minne umeshaimaliza kwa aibu isiyo yako. Usingoje msimamizi apige simu. Nenda wiki hii, na mkeo aende nawe.