Picha Haisemi Peke Yake

Picha za gazeti hupatikanaje? Tuchukue mfano wa kijana wa Bunju anayejifunza kupiga picha katika gazeti moja mjini.

Alfajiri yuko kituoni kungoja daladala. Barabara ya Bagamoyo hujaa magari mapema, na akichelewa, kazi atapewa mwingine.

Leo mhariri anamtuma kupiga picha za mvua. Anamkuta mama mlangoni na ndoo ya maji. Anamwamkia, anamwambia gazeti lililomtuma, anaomba ruhusa. Akikubaliwa, anapiga picha hata ishirini. Enzi za filamu asingethubutu! Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36 basi, na hukuziona mpaka zisafishwe katika chumba cha giza. Siku hizi kamera inamwonyesha palepale.

Lakini mama yule amekinga maji ya mvua, au anatoa maji yaliyoingia ndani? Picha haisemi. Basi kijana anauliza: Mama, jina lako nani? Unafanya nini? Majibu anayaandika daftarini hapohapo. Sisi tunaona kazi hii ni ngumu kuliko kubonyeza kamera.

Jioni anaandika maneno ya chini ya picha. Akikosea, majirani watasoma uongo juu ya mama huyo, na masahihisho ya kesho si wote watakaoyaona.

Zoezi: Chukua gazeti. Funika maneno yaliyo chini ya picha moja. Andika unachokiona. Kisha funua, usome. Je, yanalingana?