Usingizi Mwepesi: Nani Anamwangalia Mgonjwa?

Mtoto ameanguka kutoka mwembeni huko Nyabibuye na mkono umevunjika. Mfupa lazima urudishwe mahali pake. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, lakini maumivu yake ni makali. Ndipo hupewa dawa ya kumtuliza. Mwezi huu tutazungumza juu ya dawa hizo, na kazi ya muuguzi anayezitoa.

Wengi huita kila dawa ya namna hii nusukaputi. Lakini usingizi si wa aina moja. Katika usingizi mwepesi mgonjwa anasinzia, ila akiitwa jina au akiguswa begani huitika, na anapumua mwenyewe. Dawa ikizidi, huingia usingizi mzito: haitiki, ulimi hurudi nyuma, pumzi hupungua. Kipimo kinachomtosha mtu mmoja huweza kumzidi mwingine, hasa mzee, mtoto mdogo, au mtu aliyekunywa pombe.

Miaka ya nyuma tulifanya kazi mahali ambapo muuguzi mmoja alishika taa, akakabidhi vifaa, na huyo huyo akatakiwa kumwangalia mgonjwa. Siku moja tulikuwa tukisafisha kidonda cha moto cha mtoto. Alitulia, nasi tukafurahi kwamba halii. Tulipoinua macho, midomo yake ilikuwa imegeuka bluu. Tuliinua kidevu, tukampulizia hewa kwa mfuko na kinyago, akapata nafuu. Kimya kile hatujakisahau.

Kwa hiyo somo la kwanza la muuguzi ni hili: anayemwangalia mgonjwa aliyepewa dawa hana kazi nyingine. Hutazama kifua kikipanda na kushuka, huhesabu pumzi, hupima mapigo na presha, na husoma kipimo cha oksijeni kidoleni. Dawa huitoa kidogo kidogo, akisubiri ifanye kazi kabla ya kuongeza. Kabla ya kuanza, oksijeni, mashine ya kuvuta mate na mfuko wa hewa viwe tayari kando ya kitanda. Baadhi ya dawa zina kiuasumu chake; ketamini haina. Ikizidi, mgonjwa husaidiwa kupumua mpaka nguvu yake iishe.

Mafunzo haya yanawezekana hata penye upungufu wa wataalamu. Huko Sagam, magharibi mwa Kenya, kuanzia mwaka 2013 wahudumu wasio wataalamu wa usingizi walifundishwa kwa siku 5 kutumia ketamini pale mtaalamu asipopatikana. Taarifa ya mwaka 2015 ilieleza upasuaji 193, bila kifo kilichotokana na dawa hiyo. Walifuata orodha ya hatua, tena walikuwa na kipimo cha oksijeni na mfuko wa hewa.

Familia nazo zina wajibu wao:

1. Mgonjwa asile chakula kwa saa 6 kabla. Uji na maziwa ya ng'ombe ni chakula. Maziwa ya mama yakome saa 4 kabla, maji matupu saa 2. Tumbo likijaa, matapishi huweza kuingia mapafuni.

2. Semeni kweli. Kama bibi amemhurumia mtoto akampa uji, mwambieni muuguzi. Hatutamgombeza bibi, tutapanga upya. Tajeni pia pumu, kifafa, pombe na dawa za kienyeji.

3. Aje mtu mzima wa kumrudisha nyumbani. Mgonjwa asiondoke kabla hajaamka vizuri.

4. Kwa saa 24 asiendeshe pikipiki wala baiskeli, asishike panga, asipike motoni.

5. Akiwa haamshiki, anakoroma isivyo kawaida au anatapika mfululizo, mrudisheni hospitali mara moja.

Na mkifika hospitali, ulizeni bila woga: "Nani atamwangalia mgonjwa wetu akilala?" Muuguzi aliyefundishwa vizuri hatakasirika. Atawajibu, "Ni mimi, na sina kazi nyingine."